Lango Moja, Makipa Wawili

Gunvor Nordvall alipanga sahani tano mezani, na ile ya tano aliitua kwa kishindo hadi kijiko kikaruka.

"Mama," Ylva alisema.

"Nimefanya nini? Umesema anakuja mtu. Nimemwekea mtu sahani."

"Ana jina."

"Watu wote wana majina."

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tatu. Jua la saa sita lilipiga kwenye theluji ya uani na kurudisha jikoni mwanga mkali, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingoni mwa paa. Mji mzima wa Bergsele watu walikuwa wameanza kutoka bila kofia. Ylva alisimama dirishani akikunja kitambaa cha mezani, akikikunjua, akikikunja tena. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, daktari wa mifugo, mwanamke wa kuingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe mwenye uchungu huku akizungumza habari za hali ya hewa. Leo mikono ilimkosea adabu.

Mtu aliyengojewa alikuwa Sixten Wallmark, na hapakuwa na nyumba mjini isiyomjua. Alianza kukaa langoni akiwa na miaka sita, kwa sababu kati ya watoto wote wa timu ya hoki ya barafuni yeye ndiye aliyekuwa hajui kuteleza, na asiyejua kuteleza hupewa lango. Mwaka huo huo mtoto mwingine alipewa lango la pili kwa kosa hilo hilo. Huyo alikuwa Jerker, kaka yake Ylva. Wakakua pamoja barafuni. Walifungiana mikanda ya makinga ya miguuni, walikula mkate mmoja kwenye basi la timu, na kila mmoja alijua mwenzake akipumua vipi kabla ya mchezo.

Lakini timu ina lango moja. Walipofika miaka ishirini na mmoja, timu kubwa ya Bergsele ilitaka kipa mmoja tu, na watu wote walisema atakuwa Jerker. Wiki moja kabla ya msimu kuanza, Sixten aliingia ofisini kwa kocha, akafunga mlango, akakaa humo nusu saa. Kesho yake jina la Jerker halikuwamo kwenye orodha. Jerker alirudi nyumbani, akalala akitazama ukuta, na hakuinuka kusema lolote la maana mpaka theluji ilipoyeyuka.

Wakati huo Ylva na Sixten walikuwa wapenzi wa mwaka mzima. Ylva alimwuliza swali moja tu, wamesimama nje ya uwanja wa barafu.

"Ulikwenda kwa kocha kumsema kaka yangu?"

"Nilikwenda."

"Ukamwambia nini?"

"Siwezi kukwambia."

Ylva alingoja, akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko inavyopasa kumtazama mtu, kisha akageuka akaenda zake. Nyumbani mama yake alikuwa ameshasema: anayemfuata mtu aliyempanda mwanangu mgongoni asirudi kwa mlango huu.

Masika yaliyofuata Sixten alichukuliwa Marekani. Alikaa huko miaka sita, mingi akiwa kwenye mabasi ya timu ndogo, akilala kwenye hoteli za kando ya barabara kuu. Katika ligi kubwa alicheza mechi kumi na moja. Moja kati ya hizo hakufungwa hata bao, na gazeti la Bergsele lilitoa picha yake ukurasa mzima, ambao Gunvor aliwashia jiko. Baada ya hapo alicheza Finland, kisha Ujerumani. Alipasuliwa nyonga ya kulia, halafu ya kushoto. Vuli iliyopita alirudi nyumbani kuchezea Bergsele, ambayo sasa ilikuwa daraja la pili, akiwa na miaka thelathini na minne na mwendo wa mzee kila asubuhi.

Walikutana kwenye foleni ya duka la vyakula, Ylva ameshika chakula cha paka, Sixten ameshika maziwa.

"Una paka?" Sixten aliuliza.

"Wawili."

"Mimi nina maziwa."

Kwa Ylva hayo yalitosha. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameyaandaa maneno ya kumwambia, na yote yakamtoka kichwani kama kuku waliofunguliwa banda. Sasa ilikuwa imepita miezi mitano, na Sixten alitaka waoane. Ylva alimjibu kwamba kwanza aje ale nyumbani kwao, mchana, mbele ya watu.

Aliingia saa sita na nusu, akavua viatu mlangoni akijishika ukutani, maana nyonga hazikumruhusu kuinama. Mzee Evert, baba yake Ylva, aliyeendesha malori ya magogo miaka arobaini, alimpa mkono.

"Karibu, kijana. Ijumaa ulipitishwa bao katikati ya miguu. Pale hata lori langu lingepita."

"Lori lako lingekwama, Evert. Ningeliminya."

"Ha! Na trela?"

"Trela ningewaachia mabeki."

Evert alicheka. Gunvor hakucheka. Alileta chungu cha palt, madonge makubwa ya viazi yenye nyama ya nguruwe ndani, akaweka siagi na jemu ya matunda ya msituni, kisha akaketi bila kumtazama mgeni.

Jerker aliingia mwisho. Aliishi peke yake nyumba ya tatu kutoka hapo na kufanya kazi ya simu kwenye ofisi ya kiwanda cha mbao. Gari hakuwa nalo. Mjini walisema ni pombe, kwa kuwa jioni alitembea akishika ua, na mara mbili walimkuta kaanguka kwenye mtaro. Hata Ylva aliamini hivyo, na aliacha kumkaripia siku nyingi.

"Nani kafa?" Jerker aliuliza mlangoni. "Mbona kimya?"

"Hajafa mtu bado," Evert alisema. "Kaa, ule."

"Salama, Jerker," Sixten alisema.

"Salama, bwana kipa. Nyonga?"

"Mbovu."

"Vizuri. Usizeeke peke yako."

Walikula. Kisha Sixten aliweka uma chini, akafuta mdomo.

"Nimekuja kuwaambia jambo. Mimi na Ylva tunataka kuoana. Hatuombi ruhusa, sisi ni watu wazima. Lakini sikutaka mlisikie dukani."

Evert alimtazama mkewe. Gunvor alikata donge lake vipande viwili, vinne, vinane.

"Nyumba hii ilikuwa na kipa," alisema hatimaye. "Alikuwa hodari kukushinda. Wote walisema. Wewe ukaenda ukajifungia na kocha ukamtia mwanangu doa, ukachukua lango lake, ukachukua na Amerika yake. Sasa umelichezea hilo lango mpaka umevunjika, unarudi kutafuta wa kukukanda nyonga. Binti yangu si dawa ya kuchua."

"Mama!"

"Nimesema uongo? Mwulize. Mwulize alimwambia nini kocha. Yuko hapo, ana mdomo."

Ylva aligeuka kumtazama Sixten. Lilikuwa swali lile lile, na uso ulikuwa ule ule wa nje ya uwanja wa barafu, isipokuwa mvi za juu ya masikio.

"Siwezi, Gunvor," Sixten alisema. "Ungeniweka hapa mpaka Krismasi, nisingeweza."

"Umeona?"

"Acheni kelele, nataka kahawa," Jerker alisema, akanyoosha mkono.

Birika lilikuwa upande wake wa kushoto, karibu na kiwiko. Mkono wa Jerker ulikwenda mbele, mahali pasipo kitu. Bila kuondoa macho kwa Gunvor, Sixten alilisukuma birika kwa vidole viwili mpaka likaingia chini ya mkono ule. Jerker alilishika, akamimina. Haikuchukua hata nukta mbili. Wazee hawakugeuza vichwa.

Lakini Ylva aliona. Wepesi wa tendo lile ndio uliomshtua, jambo la watu waliolifanya mara elfu.

Alinyanyuka polepole, akazunguka meza na kusimama nyuma ya kaka yake. Kazini alilifanya kila wiki, kwa farasi na ndama: unapeleka kiganja ghafla kuelekea jichoni, na mnyama mwenye kuona hupepesa kope. Alikipeleka kiganja chake kutoka ubavuni mwa kichwa cha Jerker, kwa kasi, kama anayetaka kumzaba kofi.

Jerker aliendelea kupuliza kahawa yake.

Akapeleka mkono wa kulia. Jerker akanywa funda.

"Umesimama nyuma yangu unafanya nini?" Jerker aliuliza. "Nakusikia unapumua."

"Tangu lini?" Ylva alisema.

"Tangu lini nini?"

"Huoni pembeni. Ningekukata sikio usingejua. Tangu lini, Jerker?"

Kikombe kilishuka mezani. Sixten alifumba macho. Ylva akaliona hilo pia, na hapo akajua jibu la lile swali lake la zamani kabla hajaambiwa.

"Tangu nina miaka ishirini," Jerker alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ilianza gizani, halafu pembeni. Sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mbele naona vizuri. Naona palt vizuri sana."

"Na ule mchezo wa mazoezi, kile kisahani cha hoki kilichokupiga kooni..."

"Sikukiona. Kilitoka kushoto. Huyu ndiye aliyeniburuta nje ya barafu, nimeshindwa kupumua. Akaniambia, acha, au nitakwenda kwa kocha. Nikamwambia, nenda uone. Akaenda." Jerker aligeuza kichwa chote kumtafuta Sixten, akampata. "Ila nilimwapisha. Sababu asimwambie mtu. Kocha peke yake, na kocha naye akaapa."

"Kwa nini?" Ylva aliuliza. "Kwa nini ukubali kuitwa mlevi?"

Jerker alielekeza kidevu upande aliokaa mama yake.

Ylva alielewa. Baba yake Gunvor, mzee Hilding, alipofuka kabla ya kutimiza miaka arobaini. Walimfungia kamba kutoka mlango wa nyumba hadi zizini, naye aliifuata kamba hiyo miaka ishirini kwenda kukamua ng'ombe. Gunvor alikuwa mtoto aliyefunga mafundo ya kamba hiyo. Alipopata mimba ya Jerker, alilia miezi tisa.

"Sikutaka ajue kwamba ni yeye aliyenipa," Jerker alisema.

Gunvor alikuwa bado ameshika kisu.

"Nilijua," alisema.

Jerker alimgeukia.

"Nilijua mwaka wa pili. Nilikuona ukipapasa mlango wa stoo kama alivyopapasa baba. Unadhani kuna mtu duniani anayeujua mkono ule kuliko mimi?" Alikiweka kisu chini kwa uangalifu. "Nikaona hutaki nijue. Nikakuachia."

"Na Sixten?" Ylva alisema. "Kama ulijua, miaka yote hii ulimchukia kwa lipi?"

Kwa mara ya kwanza mchana huo Gunvor alimtazama mgeni wake machoni.

"Ilibidi nimchukie mtu," alisema. "Nikimchukia yeye nilipata kulala. Zamu ya kujichukia mwenyewe ingefika, ningefanyaje?"

Sixten alitikisa kichwa kidogo, kama kipa anayekubali kwamba bao lile halikuzuilika.

"Na wewe, baba?" Ylva aliuliza.

"Mimi nilijua kwamba mama yako anajua," Evert alisema kwa haya. "Zaidi ya hapo sikuuliza."

"Basi meza nzima!" Sauti ya Ylva ilipanda, na haikuwa ya mtu anayelia. "Meza nzima mnajua isipokuwa mimi! Mimi niliyesoma miaka mitano na nusu ng'ombe yupi azalishwe na yupi asizalishwe! Mmefikiria lolote? Ugonjwa huu babu humpa binti, binti humpa mwana. Na binti mwingine huubeba tu asijue. Anaubeba, mama, kama wewe ulivyoubeba. Nina miaka thelathini na mitatu. Nataka watoto. Mlikuwa mnangoja nini, nifunge kamba ya kwangu?"

Alitoka nje bila koti.

Sixten alimkuta kwenye ngazi, amesimama juani, mikono imefumbata mabega. Alimvika koti lake yeye, lililomfika magotini.

"Usinishike."

"Sijakushika."

"Miaka kumi na mitatu, Sixten."

"Najua."

"Ungeniambia neno moja. Neno moja tu, ningekuja nawe mpaka mwisho wa dunia, ningelala kwenye hayo mabasi yako."

"Niliapa."

"Kwake uliapa. Mimi ulinifanyia nini? Ulisimama pale ukapigwa, ukanyamaza. Ulidhani ni lango lile?"

Sixten alikuwa mtu aliyejifunza tangu utoto kusimama mahali pamoja na kupokea kinachokuja, na hapo kwenye ngazi aliona waziwazi kwamba ustadi huo ulimlisha yeye, ukamla Ylva. Alitamani kumshika mkono. Aliuacha mkono wake mfukoni.

"Kuna timu ya Austria," alisema. "Mwaka mmoja. Wanataka jibu kesho. Sema nibaki, nitabaki."

"Sisemi. Usiniwekee hilo. Nikisema baki, utakuja kunidai nyonga zako."

"Basi unataka nini?"

"Nataka kukasirika. Wiki mbili. Usinipigie simu, usipite dukani saa zangu." Alivuta pumzi. "Halafu nitakwenda hospitali ya Umeå kupimwa damu. Siku ya majibu nitahitaji mtu wa kuendesha gari kurudi."

"Nitaendesha."

"Hujaulizwa."

"Nimejibu mapema."

Alimrudishia koti, akaingia ndani.

Katika wiki mbili hizo Bergsele ilicheza mechi za mwisho za msimu. Ya tano ndiyo iliyokuwa ya kuamua. Kipindi cha tatu kilipoanza, Sixten aligeuka kunywa maji, na nyuma ya kioo, usawa wa lango lake, aliwaona Jerker na Ylva wamesimama bega kwa bega. Ylva hakuwa amekanyaga uwanja ule tangu usichana. Jerker alikuwa amekaza macho kwake tu, hafuati kisahani, kwa sababu kisahani kilikuwa kinatoka nje ya bomba lake. Ylva alikuwa akimnong'oneza: kulia, kulia, katikati, sasa! Sixten aliokoa michomo thelathini na minne. Wa thelathini na tano ulimpita begani, dakika nne kabla ya mwisho, na Bergsele ikatolewa.

Kwenye chumba cha kuvalia alikaa na makinga yake miguuni mpaka wenzake wote walipokwisha kuoga. Austria alikuwa ameshawajibu siku nyingi, Jumatatu ile ile asubuhi. Aliwaambia hapana. Wakala alipouliza kama ni mambo ya fedha, Sixten alisema ni ngazi za nyumbani kwao, kila asubuhi alikuwa akizishuka kinyumenyume, na kipa asiyeweza kushuka ngazi asiwadanganye watu. Jina la Ylva hakulitaja, na Ylva mwenyewe alikuja kuisikia habari hiyo kutoka kwa Jerker.

Majibu ya damu yalikuwa tayari mwishoni mwa mwezi wa nne. Sixten alimpeleka, kilomita mia na themanini, barabara ikiwa na maji ya theluji pande zote mbili. Njiani walizungumza habari za paka. Hospitali alibaki kwenye maegesho, kama Ylva alivyotaka. Alikaa dakika arobaini ameshika usukani wa gari lililozimwa.

Ylva alitoka na bahasha mkononi. Hakuharakisha. Alifungua mlango, akaketi, akafunga mkanda, akatazama mbele kwenye ukuta wa matofali.

"Ninao," alisema.

Sixten aliachia usukani, akamgeukia.

"Nikizaa mwana, ni kama kurusha sarafu. Binti naye ataubeba, ama asiubebe, sarafu hiyo hiyo. Kuna njia za kisasa, yule daktari kanieleza, ni ndefu, zina sindano nyingi, na huenda zisifaulu. Au tusizae. Au tuzae, tufunge kamba." Sauti ilianza kumponyoka, akaikamata. "Sitaki uamue kwa huruma. Umekuwa ukisimama mahali pamoja maisha yako yote, sitaki usimame hapa kwa mazoea. Kama unataka kuniacha, shuka sasa. Sitageuka kutazama."

Nje mwuguzi alipita akisukuma baiskeli.

"Ylva," Sixten alisema.

"Nini?"

"Gari ni langu."

Ylva aligeuka. Alimtazama mtu huyu mwenye pua iliyovunjwa mara tatu, ambaye hata sasa alikuwa ameketi upande upande ili nyonga ipumue. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka bahasha ikamwanguka, na kilipofika katikati kikageuka kuwa kilio. Akalia hivyo, waziwazi, paji la uso kwenye bega lake, akimlowesha sweta.

Sixten alimngoja amalize. Kisha aliwasha gari, akauliza kama wapitie njia ya mtoni au njia ya msituni, na Ylva, akifuta pua kwa mkono wa sweta lile lile, akasema ya mtoni.